Dawa Ipo. Wewe Unajijua?

Ipo dawa ya saratani ya matiti ambayo haimfai kitu mtu asiyejijua.

Rudia kuisoma sentensi hiyo.

Dawa yenyewe inaitwa olaparib. Ni vidonge. Unavimeza nyumbani kwako, asubuhi na jioni, bila dripu, bila kulazwa. Lakini mgonjwa wa saratani ya matiti haandikiwi hivi hivi tu. Anaandikiwa yule aliyezaliwa na hitilafu kwenye jeni ya BRCA1 au BRCA2, hitilafu aliyoirithi kwa mama yake au kwa baba yake. Na hawezi kuandikiwa kabla hajapimwa.

Na wewe je? Umerithi nini?

Hujui.

Na hakuna aliyekuzuia kujua. Hakuna sheria iliyokukataza, hakuna mtu aliyekuziba mdomo. Umekaa tu. Umekalia habari inayoweza kuokoa maisha yako, ya dada yako na ya binti yako, na kila mwaka unasema mwakani.

Mwakani lini?

Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti mmoja wa Marekani, Mary-Claire King, alianza kufuatilia familia ambazo saratani ya matiti ilikuwa hairuki kizazi. Wakubwa wengi wa sayansi hawakuamini kwamba ugonjwa unaowapata watu wengi namna ile ungeweza kubebwa na jeni moja. Hakuwa na mitambo ya leo. Ramani ya vinasaba vya binadamu ilikuwa haijachorwa. Alichokuwa nacho ni koo za watu: nani aliugua, akiwa na umri gani, nani alisalimika. Akaendelea hivyo miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1990 akasimama mbele ya wenzake akatangaza kwamba jeni hiyo ipo, na iko kwenye kromosomu ya 17. Familia 23 ndizo zilizompa jibu.

Tazama alianzia wapi. Alianza na swali ambalo wewe unaweza kumuuliza bibi yako leo: nani katika ukoo huu aliugua titi?

Swali hilo halitaki shahada. Linataka mtu mwenye nia.

Sasa nikueleze dawa inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa utaacha kuogopa neno "jeni" kama vile ni hukumu. Kila siku, ndani ya kila seli yako, uzi wa vinasaba unakatika hapa na pale. Ni jambo la kawaida. Fikiria jahazi linalovuja, lenye mafundi wawili wa kukalafati. Fundi wa kwanza, PARP, anaziba nyufa ndogo ndogo. Fundi wa pili, BRCA, ndiye anayekabili ubao uliopasuka kabisa. Aliyerithi hitilafu ana nakala mbili za jeni, moja nzima na moja mbovu, na ile nzima inazitosha seli zake za kawaida. Lakini ndani ya uvimbe, mara nyingi ile nzima nayo imekwisha kupotea. Fundi wa pili hayupo. Jahazi la saratani linaelea kwa fundi mmoja tu. Olaparib inamfunga mikono huyo mmoja. Nyufa ndogo zinakuwa kubwa, hakuna wa kuziziba, na seli ya saratani inazama. Jirani yake mwenye afya, ambaye bado ana fundi wa pili, anaendelea na safari.

Umeliona jambo hilo? Pengo lile lile ulilorithi, lililoupa ugonjwa nafasi, ndilo linalotumika kuumaliza.

Udhaifu wako umegeuzwa silaha.

Na silaha hiyo haikuja kwa kulala. Mwaka 2005 vikundi viwili vya watafiti wa Uingereza, kimoja London na kingine Sheffield, vilionyesha maabara kwamba seli zisizo na BRCA zinakufa PARP ikizuiwa. Ungedhani njia ikawa nyeupe. Haikuwa. Mwishoni mwa 2011 kampuni iliyokuwa inaimiliki olaparib ilitangaza kwamba haitaipeleka kwenye hatua ya mwisho ya majaribio kwa saratani ya ovari. Dawa ikawekwa kando. Ingeishia hapo, na leo nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini wapo waliozirudia takwimu, wakawaangalia peke yao wagonjwa wenye hitilafu ya BRCA, wakaona kwamba hao ndio walionufaika zaidi. Mwaka 2013 majaribio makubwa yakaanza tena. Desemba 2014 Marekani ikaiidhinisha kwa saratani ya ovari. Januari 2018 ikaidhinishwa kwa saratani ya matiti iliyosambaa, na Oktoba mwaka huo huo ikafuata ndugu yake, talazoparib.

Dawa iliyotupwa kabatini ilirudi. Wewe unakata tamaa kwa sababu foleni ya kliniki ni ndefu?

Mwaka 2021 yakatoka majibu ambayo kila mwanamke wa nchi zetu anapaswa kuyasikia. Wagonjwa 1,836 kutoka nchi 23, wote na hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, wote wamekwisha kufanyiwa upasuaji na kupewa kemo, wote saratani yao ilikuwa ya aina inayotishia kurudi. Nusu walipewa olaparib kwa mwaka mmoja. Nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 3, katika kila 100 waliomeza olaparib, karibu 86 walikuwa hai bila saratani kurudi. Upande wa pili walikuwa 77.

Tofauti ni watu 9 katika kila 100.

Tisa! Wakalishe kwenye benchi uwatazame. Huyu anamsomesha mtoto wa darasa la kwanza. Huyu ana duka la vitenge. Huyu ni mwalimu, huyu ndiye mweka hazina wa kikundi chenu, huyu ni mama yako mdogo. Utamwambia nani kati yao kwamba tofauti ni ndogo?

Kwa ambaye saratani imekwisha kusambaa, dawa hii haiponyi. Nalisema wazi, kwa sababu hamasa ya uongo ni ukatili. Katika utafiti uliochapishwa 2017, olaparib ilizuia ugonjwa usisonge mbele kwa muda wa kati wa miezi 7, wakati kemo ya kawaida ilifikisha miezi 4.2. Lakini waliomeza vidonge hivyo pia waliishi siku zao vizuri zaidi, wakiwa nyumbani kwao na madhara makali yakiwa machache kuliko ya wenzao wa kemo. Anayeona miezi hiyo si kitu hajawahi kukaa na mama anayesubiri binti yake aolewe.

Sasa usidhani kutumia dawa hii ni lelemama.

Dozi ya kawaida ni vidonge vinne kwa siku, viwili asubuhi na viwili jioni, kila kimoja miligramu 150. Wapo wanaoweka kengele ya simu, saa moja na saa moja. Unavimeza vizima. Huvitafuni wala huvisagi. Wiki za mwanzo kichefuchefu kinakukamata kooni. Zaidi ya nusu ya waliomeza olaparib kwenye utafiti ule mkubwa wa 2021 walikipata. Kitunguu kikigusa mafuta unatoka jikoni. Uchovu nao una tabia yake, unalala nao na unaamka nao. Damu inapungua, ndiyo maana kila mwezi unarudi kutoa damu ipimwe, na baadhi hupunguziwa dozi, baadhi huongezewa damu. Mara chache sana hutokea ugonjwa mbaya wa damu wenyewe, na hilo daktari anapaswa akuambie kabla hujameza kidonge cha kwanza. Na mezani kuna jambo lake: balungi na danzi unaviacha, kwa sababu vinapandisha kiwango cha dawa mwilini. Kwa mtu wa Tanga au Unguja huo si mwiko mdogo. Na yale maji ya mizizi uliyoletewa na jirani kwa mapenzi yake? Mwambie daktari kabla hujayanywa. Kabla, si baada ya kuharibikiwa.

Haya yote watu wanayapitia. Asubuhi wanameza, wanatapika, wanaoga, wanakwenda kazini. Jioni wanameza tena. Na wanamaliza mwaka.

Unadhani waliumbwa na moyo tofauti na wako? Hata kidogo. Nguvu waliyonayo unayo. Yako imelala tu, na nimekuja kuigongea mlango.

Lakini kichefuchefu kina dawa zake. Kuna kazi ngumu zaidi, na hiyo haina kidonge. Ni kuwaambia ndugu. Kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi 50 kwa 100 ya kuwa nayo. Mwanamke mwenye BRCA1 au BRCA2 yenye kasoro, uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80 ni karibu 7 kati ya 10. Kwa hiyo mgonjwa akipokea majibu yake, anapokea majibu ya nyumba nzima. Anaishika simu. Anaiweka chini. Atamwambiaje mdogo wake aliyejifungua juzi? Atamwambiaje kaka yake kwamba huenda naye anayo, na kwamba mabinti zake wameketi kwenye foleni hiyo hiyo? Kuna dada watatu watakaopima, wawili wakakutwa nayo na mmoja asiwe nayo, na yule aliyesalimika akalia kuliko wenzake.

Ni kuzito. Lakini kunyamaza ni kuzito zaidi, maana ukinyamaza wanaobeba mzigo ni watoto.

Usiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti, kazi ambayo nguzo yake ni Profesa Olufunmilayo Olopade, Mnigeria anayefundisha Chicago. Kati yao 167 walikutwa na jeni zilizorithiwa zenye hitilafu zinazoleta saratani hiyo, na nyingi zilikuwa hizi hizi BRCA1 na BRCA2. Ni karibu mmoja katika kila 7. Wanawake wa Uganda walipopimwa, jirani zetu wa mlango kwa mlango, nao walikutwa nazo. Jeni haisomi pasipoti. Sisi ndio hatujajipima.

Usiniambie ukoo wenu una laana.

Shangazi aliugua titi akiwa na miaka 38, watu wakasema kalogwa. Bibi mzaa baba alikuwa na "jipu" lisilopona, akafa nalo chini ya kanga, hakuna aliyethubutu kulitazama. Binti wa shangazi tumbo likajaa maji, ikasemwa ni mambo ya wivu wa mke mwenzake. Umewahi kuwapanga watu hao watatu kwenye mstari mmoja? Hakuna aliyefanya hivyo. Kila msiba ulipewa mchawi wake, na jeni ikapita katikati yao bila kuulizwa.

Na hapa wengi wanateleza: wanauliza upande wa mama tu. Kwani titi ni la kina mama, wanadhani. Jeni hii hupita kwa baba vile vile. Baba anaweza kuwa mzima wa afya, hajaugua hata siku moja, na akampa binti yake. Wewe mwanaume unayesoma haya, usifunge ukurasa. Wanaume nao huugua saratani ya matiti, na BRCA2 mbovu huwaongezea hatari ya saratani ya tezi dume. Hata ukiwa salama wewe, umezaa.

Usiniambie dawa ni ghali.

Ni ghali. Ni ghali mno, na ni aibu ya dunia kwamba kidonge chenye uwezo huu kinawakosa wengi wa wale wanaokihitaji. Lipigie kelele jambo hilo. Waulize watu wa bima, mwulize mbunge wako, muulize anayekuja kuomba kura. Lakini usijifiche nyuma ya bei, kwa sababu kujijua kunakufaa hata pasipo olaparib. Ipo carboplatin, dawa ya dripu ya siku nyingi, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018, kwa wagonjwa wenye BRCA mbovu na saratani iliyosambaa, uvimbe ulisinyaa kwa 68 katika kila 100 waliopewa carboplatin. Kwa waliopewa kemo nyingine, docetaxel, ulisinyaa kwa 33. Mara mbili! Kwa dawa kongwe. Kilicholeta tofauti ni kujua damu ya mgonjwa imebeba nini.

Na kama huumwi? Hapo ndipo kujua kunakufaa zaidi. Unaanza kuchunguzwa matiti mapema, kabla ya umri ambao wenzako huanza. Unakaa na daktari mnazungumza juu ya ovari, maana hitilafu hii huzitishia nazo, na juu ya upasuaji wa kinga kama utauchagua. Mei 2013 mwigizaji Angelina Jolie aliieleza dunia kwamba ana BRCA1 mbovu na kwamba ameondolewa matiti yote mawili kabla hajaugua. Mama yake alikwisha kufa kwa saratani akiwa na miaka 56. Si lazima uchague alichochagua. Ila alichagua akiwa anajua, na hiyo ndiyo heshima ninayotaka uipate na wewe.

Mwezi uliofuata, Juni 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jeni ya asili ya binadamu haiwezi kuwa mali ya kampuni. Kabla ya hapo kipimo kamili cha BRCA kilizidi dola 3,000. Leo zipo maabara zinazotoza dola mia chache. Bado ni fedha, najua. Ni fedha ya mbuzi kadhaa, ya michango ya sherehe moja tunayoichangia kwa WhatsApp ndani ya wiki mbili bila kulalamika. Ukoo unaoweza kukodi ukumbi unaweza kumpima mgonjwa mmoja. Na tazama hesabu ilivyo nyepesi: anapimwa kwanza yule aliyeugua. Akikutwa na hitilafu, wengine wanatafutiwa hiyo hiyo moja tu, na kipimo chao huwa rahisi zaidi.

Usiniambie unaogopa majibu.

Ogopa. Ogopa huku unakwenda. Majibu hayaiweki jeni mwilini mwako. Kama ipo, ipo tangu tumboni mwa mama yako. Imekuwa nawe siku ya kwanza ya shule, siku ya ndoa, siku ya kujifungua. Kutojua hakujawahi kuifukuza.

Wewe una uwezo kuliko unavyojidhania. Umelea, umezika, umejenga kwa mkopo, umesafiri usiku kucha kwenye basi kwenda kumuuguza mtu. Utashindwa kuuliza swali?

Basi kaa na wazee wiki hii. Chukua daftari la kawaida la shule, kalamu, na chai. Anza na bibi kama yupo, shangazi zako wote, mama mkubwa, mama mdogo, baba mkubwa asiyependa maswali. Usiulize nani alikuwa na saratani, maana wengi hawakuambiwa jina hilo. Uliza nani alivimba titi. Nani alikuwa na kidonda kifuani. Nani tumbo lilimjaa maji akakonda. Uliza alikuwa na umri gani, na kama hawajui mwaka, uliza alikuwa amezaa watoto wangapi, ulikuwa mwaka wa njaa ipi, rais alikuwa nani. Andika upande wa mama ukurasa mmoja, upande wa baba ukurasa wa pili. Aliyeugua kabla ya miaka 50 mpigie mstari. Aliyeugua matiti yote mawili, mstari. Saratani ya ovari, mstari. Mwanaume aliyeugua titi, mistari miwili.

Watakuambia acha kufukua makaburi. Sema kwa adabu: shikamoo bibi, nawaulizia walio hai.

Kisha libebe daftari hilo uende nalo hospitali. Uko Dar es Salaam, nenda Ocean Road. Uko Mwanza, Bugando. Uko Moshi, KCMC. Uko Kampala, Taasisi ya Saratani pale Mulago. Uko Nairobi, Mombasa, Kigali, Bujumbura, Lubumbashi, Muscat au Minneapolis, anza na daktari uliye naye. Usimsimulie kwa mzunguko. Lifungue daftari mezani, mwoneshe mistari, umuulize: je, mimi ninafaa kupimwa BRCA? Na kama anayeugua tayari ni wewe, muulize la pili: saratani yangu ina protini inayoitwa HER2 au haina, na majibu ya jeni yangu yatabadilisha dawa utakayonipa?

Akisema kipimo hicho hapa hakipo, usinyanyuke kwenye kiti. Muulize kipo wapi, sampuli inasafirishwaje, nani anaandika barua ya rufaa, na barua hiyo inatoka lini.